Kuuliza, Kuomba, Kudai: Historia Fupi ya Vitenzi vya Kiingereza

Mwanafunzi wa Kongo aliyefunzwa kwa Kifaransa, akikaa kuandika barua kwa Kiingereza ili apate msaada wa masomo, hukiona kitenzi "demand" na kukifurahia kama ndugu aliyekutana naye ugenini. Kwa Kifaransa "demander" ni neno la adabu; hata mtoto hulitumia mbele ya mzazi wake. Mwingereza asomaye barua hiyo, lakini, husikia sauti ya mtu aliyekuja kudai deni. Kamusi itamwonya mwanafunzi kwamba amekosea. Sababu ya kosa hatuna budi kuitafuta katika historia.

Kabla ya mwaka 1066 Waingereza walikuwa na vitenzi viwili vikuu katika uwanja huu. "Ascian", mzazi wa "ask" ya leo, kwa kawaida kilihusu kuuliza habari. "Biddan" kilihusu kuomba, hasa kumwomba Mungu. Msemaji wa Kiswahili ataona mara moja kwamba mgawanyo huo wakaribia sana wetu wa kuuliza na kuomba. Hata neno "bead", yaani ushanga, limetokana na sala: waamini walihesabu sala zao kwa shanga za rozari, na hatimaye jina la sala likahamia kwenye ushanga wenyewe.

William wa Normandie alipoishinda Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya wakuu na, baadaye, ya mahakama. "Biddan" kilikuwa kikichanganyika na kitenzi kingine kilichokaribiana nacho kwa sauti, chenye maana ya kuamuru, kikaipoteza kazi yake ya zamani. Kutoka Kifaransa kikaja "pray", ambacho kwa karne nyingi kilitumika kumsihi yeyote, mtu au Mungu, kabla ya kubaki zaidi kanisani. "Ask" nacho kikapanua mipaka yake, kikabeba kuuliza na kuomba pamoja.

"Demand" kiliingia katika karne ya 14, na mwanzoni kiliweza kumaanisha kuuliza tu, kama kwa Wafaransa. Kilichokigeuza ni mahakama. Katika Kifaransa cha wanasheria wa Uingereza, aliyedai ardhi mbele ya hakimu aliitwa "demandant". Huyo hakuomba hisani, alitaka haki yake. Sheria ya mwaka 1362 iliagiza mashauri yasemwe kwa Kiingereza kwa kuwa watu wengi hawakukielewa Kifaransa. Na ajabu yake ni kwamba sheria hiyo yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa! Wanasheria hawakukiacha upesi. Kifaransa chao kiliondolewa kabisa mahakamani kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 1733, na kufikia hapo ukali wa "demand" ulikuwa umekwisha kuzoeleka.

Huenda msomaji akapinga kwamba mahakama za Ufaransa pia zina "demandeur" wao hadi leo. Ni kweli. Tofauti, kwa maoni yetu, ni kwamba huko Ufaransa kitenzi hicho kiliendelea kufanya kazi za nyumbani sambamba na za mahakamani, hali Uingereza kilikuta nyumba imekwisha kukaliwa na "ask". Mgeni alibaki na kazi ambayo mwenyeji hakuwa nayo.

Kiswahili nacho kilipata "kudai" kutoka Kiarabu, kikakiweka kando ya "kuuliza" na "kuomba" vyenye asili ya Kibantu. Kwa hiyo "demand" hutafsirika kwetu bila shida. Kinachotutesa ni "demander": saa huulizwa, mkate huombwa, fidia hudaiwa, na Mfaransa hutumia kitenzi kimoja kwa vyote vitatu. Mtafsiri anayekihamisha kwa Kiswahili hana budi kutazama kwanza kinachoombwa, kisha nani anamwambia nani, na kwa haki gani. Ndivyo anavyopaswa kufanya pia anapokwenda kwenye Kiingereza. "Request", ambacho nacho kina asili ya Kifaransa, kimebakiza heshima ya ofisini. "Ask for" chafaa baina ya watu waliozoeana. Kwa barua ya mwanafunzi wetu, kitenzi ambacho Waingereza wenyewe hutumia ni "apply for".