Kitabu cha zamani cha ndege: bei ni kitu kimoja, thamani ni kitu kingine

Kuko swali moja linalorudi kila mara mzee anapokufa na kuacha sanduku ya vitabu: hiki kitabu cha zamani chenye mapicha ya ndege, tukiuzishe bei gani? Wengi wanajibu haraka: ni cha zamani, basi ni cha bei kali. Historia inasema hapana. Uzee peke yake hauleti bei.

Tuangalie kitabu cha ndege kinachojulikana zaidi kwa bei kubwa: The Birds of America cha John James Audubon, kilichotoka kati ya 1827 na 1838. Kiko na mapicha 435, zilizochapwa kwa mabamba ya shaba, kisha watu wakazipaka rangi kwa mkono. Kurasa zake ziko na urefu wa karibu metre moja. Mwaka 2010, kopi moja kamili iliuzwa London kwa zaidi ya pauni milioni 7. Lakini kati ya 1840 na 1844 Audubon mwenyewe alitoa toleo la kurasa ndogo, na hilo halifikie ile bei hata kidogo. Mwandishi ni mmoja, miaka inafuatana, bei ziko mbali kabisa.

Kwa hiyo mtu anayepima kitabu kama hicho anaangalia mambo manne. Kwanza, ni toleo gani, na la mwaka gani. Pili, mapicha yote iko? Unahesabu moja moja, unalinganisha na orodha ya kitabu chenyewe. Picha moja ikikatwa, bei inaanguka. Tatu, hali yake: unyevu, wadudu, jalada. Nne, rangi ilipakwa kwa mkono ao ilichapwa na mashini? Chukua kioo cha kukuza: ukiona vidotidoti vidogo vya rangi, njo mashini hiyo. Na kama kuko muhuri wa biblioteki, ujiulize mbele ya kuuzisha: kilitokaje kule?

Sasa turudi kwetu, juu sisi pia tuko na kitabu chetu. Mwaka 1909, James Chapin, kijana wa Marekani wa miaka 19, alifika Kongo pamoja na Herbert Lang kwa kazi ya makumbusho ya New York. Walibaki mpaka 1915. Kazi ile ilizaa The Birds of the Belgian Congo, vitabu 4 vilivyotoka 1932, 1939, 1953 na 1954, zaidi ya kurasa 3,000. Hakuna mtu atavilipia mamilioni. Lakini angalieni ile miaka.

Mwaka 1913, kule Avakubi, kwenye mto Ituri, Chapin alipata unyoya mmoja kwenye kofia ya mtu wa kule. Hakuweza kujua ni wa ndege gani. Aliuchunga miaka 23. Mwaka 1936, katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, akaona ndege wawili waliokaushwa, wameandikiwa kwamba ni tausi wa India. Kumbe ni ndege wa unyoya ule! Akamwandika kama aina mpya: Afropavo congensis, tausi wa Kongo. Kwa hiyo kitabu cha 1932 kilitoka mbele sayansi imtambue huyu tausi, wakati watu wa pori walikuwa wanavaa unyoya wake kwenye kofia. Nafasi ile tupu katika kitabu ni historia pia: inaonyesha ujuzi wa nani ulihesabiwa, na wa nani haukuhesabiwa.

Tena, kitabu cha namna hii kinasema ndege gani alionekana fasi gani, miaka zaidi ya mia iliyopita. Mwanafunzi anayeandika TFC yake juu ya mazingira anaweza kulinganisha na pori la leo. Ukikata mapicha na kuzitundika ku ukuta, ama kuziuzisha moja moja, umeua ushahidi.

Basi, mbele ya kuuliza bei, fanya mambo matatu: hesabu kurasa, piga picha za ukurasa wa kwanza na mihuri, andika kitabu kilitoka kwa nani. Mnunuzi atakuambia bei. Lakini kama ni cha inchi yetu, thamani yake tutaipima sisi wenyewe. Ninyi munaona je?