Kutoka paa la tembe hadi bomba la mvua

Nyumba ya bibi yangu pale Mgori, Singida, ilikuwa tembe: nguzo za miti, boriti, fito, nyasi, na juu ya vyote udongo uliopondwa ukashikana. Mvua za Desemba zilipopata njia, maji yalidondoka juu ya kitanda chake. Sisi wajukuu tulitaka kupanda juu na kukandika udongo sawasawa na pale tone lilipoangukia. Bibi alikataa. Alichukua kijinga cha moto, akapita chini ya boriti polepole akitazama mahali mti ulipobadilika rangi, hadi akafika kona ya pili ya chumba. "Yameingilia huku," alisema. "Pale yamechoka kutembea tu."

Nimekuwa fundi bomba zaidi ya miaka thelathini, na maneno hayo ndiyo niliyoyakumbuka mwezi Juni binti yangu aliponipigia simu.

"Shikamoo baba. Ukuta wa bafu umelowa. Fundi amebadilisha kichwa cha bomba la mvua mara mbili, na bado."

"Marahaba mwanangu. Upande wa pili wa ukuta kuna nini?"

"Chumba cha watoto. Rangi inabanduka huko."

Nilichukua spana zangu nikaenda. Lakini kabla sijaeleza nilichokikuta, lazima niseme bafu lenyewe lilivyofika Mgori, kwa sababu vijana wengi wanadhani limekuwapo siku zote.

Pwani watu wana historia ndefu ya kuoga ndani ya nyumba. Huko Unguja, Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alileta mjini maji ya bomba kutoka chemchemi za nje ya mji, na akajenga mabafu ya Hamamni, ambayo yamesimama hadi leo. Hata neno "bomba" lilikuja na Wareno kabla ya hapo. Kwetu bara, kwa Wanyaturu, hakukuwa na bomba wala hamamu. Kiangazi kinaanza Mei na hakiishi mpaka Novemba. Maji yalifukuliwa kwenye mchanga wa mto uliokauka, yakachotwa kwa kibuyu, kidogo kidogo, huku ng'ombe wakisubiri zamu yao.

Wanaume walioga hukohuko mtoni baada ya kunywesha mifugo. Wanawake walioga jioni nyuma ya nyumba, ndani ya uzio wa mabua ya mtama, wamesimama juu ya jiwe bapa ili miguu isirudi na tope. Jiwe la bibi lilikuwa limelainika katikati kama sahani. Kila mtu mzima alipata nusu ya ndoo na kopo la bati. Watoto walioshwa kwenye karai moja, mdogo kwanza. Maji machafu yalikwenda kwenye mpapai uliopandwa makusudi pale yanapotokea. Mgeni pekee ndiye aliyewekewa ndoo nzima, tena ya moto, na kuambiwa, "Maji yapo tayari, karibu uoge." Sijaona heshima iliyozidi hiyo katika nyumba yoyote niliyofunga bomba.

Kisha vikaja vijiji. Mwalimu Nyerere alitangaza mwaka 1973 kwamba hadi mwisho wa 1976 watu wote wa vijijini wawe wamehamia katika vijiji. Nilikuwa mtoto, nikabeba kuku wawili, baba akabeba milango. Wakati huohuo serikali ilikuwa na mpango wa miaka ishirini, 1971 hadi 1991, wa kufikisha maji safi karibu na kila mwananchi. Maji ya vijijini yalikuwa bure, gharama zote zikabebwa na serikali. Nia ilikuwa njema kabisa, na nitaitetea mbele ya yeyote. Ila ilizaa jambo ambalo limetugharimu: pampu ikiharibika, kijiji kizima kilikaa kusubiri gari kutoka mjini. Mashine ilikuwa ya serikali. Nani aiguse?

Aliyeigusa pampu yetu alikuwa mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi migodini. Miaka ya 80, vipuri vilipokuwa haba kuliko sukari, alitoa raba iliyokwisha ndani ya pampu ya mkono, akaipima kwa uzi, akakata nyingine ya ngozi ya ng'ombe, akailoweka usiku kucha kwenye mafuta ya alizeti. Asubuhi maji yalitoka. Mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia spana, na hapo ndipo nilipoanzia ufundi.

Alinifundisha pia katani. Siku hizi tunazungusha tepu nyeupe kwenye tredi, lakini wakati ule tulichambua nyuzi za katani, tukazisokota kufuata mkato wa tredi, tukapaka rangi nzito ya mafuta, tukakaza. Mkonge unaotoa nyuzi hizo uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na katika miche elfu moja aliyoagiza iliyopona ni 62 tu. Katani iliyofungwa kwenye kiungo huvimba ikilowa, hivyo kiungo hujiziba chenyewe. Nimefungua viungo vya namna hiyo vya zaidi ya miaka ishirini, vikavu kama siku ya kwanza.

Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilibadilisha mambo. Wanakijiji wawe wenye mradi, wachangie, waendeshe. Kwa Mgori hilo halikuwa geni. Mwaka 1995 vijiji vyetu vitano vilikuwa vimeshakabidhiwa ulinzi wa Msitu wa Mgori, miombo ya hekta zaidi ya 40,000, na walinzi wakawa vijana wetu wenyewe. RUWASA, wakala wa maji vijijini, ilipoanzishwa mwaka 2019, tulikuwa tumeshazoea kamati, daftari na faini. Watu wakaanza kuezeka bati, kuweka mifereji ya kukinga mvua, kununua matangi ya plastiki. Tangi likipanda juu ya mnara wa matofali, bafu la ndani linawezekana.

La binti yangu ni hilohilo: tangi la lita 1,000, mnara wa mita tatu, bomba la plastiki ndani ya ukuta, marumaru nyeupe. Hana mita, kwa hiyo usiku nilipima kina cha maji tangini kwa ufito, nikauchora alama, nikakataza mtu yeyote kufungua maji. Alfajiri yalikuwa yameshuka vidole viwili. Basi maji yalikuwa yakitoka bila mtu kuoga, na sakafu haikuwa na kosa. Kama yangebaki palepale, ningeziba kitundu cha kutolea maji kwa tambara, nimwage ndoo tatu sakafuni, nisubiri nione kama sakafu ndiyo inayovuja.

Nikafungua kichwa cha bomba la mvua, nikaziba ncha kwa kizibo cha tredi. Kichwa kilikuwa kizima. Matundu yake yalikuwa yamezibwa na chumvi tu, maana maji ya visima vya Singida ni magumu. Ukuta ukaendelea kulowa. Nikaweka kiganja, nikashuka nacho kutoka juu: pakavu, pakavu, kisha ubaridi. Pale unyevu ulipoonekana palikuwa futi mbili chini ya ubaridi ule. Maji yalikuwa yamechoka kutembea.

Nikang'oa marumaru mbili. Nyuma yake kulikuwa na elbo ya plastiki yenye tredi ya shaba ndani. Fundi aliyeifunga aliikaza kwa nguvu za bomba la chuma, ikapata ufa mwembamba kama unywele. Elbo mpya haifikii bei ya kuku. Kilichotugharimu ni plasta, rangi na marumaru. Na kwa kuwa bafu halikuwa na koki yake, nyumba nzima ilikaa siku mbili bila maji.

Nilipomaliza, nilimwonyesha binti yangu hesabu. Tone moja kila sekunde hufikia kama lita 20 kwa siku, ndoo nzima. Sera ya 2002 iliweka lengo la lita 25 kwa mtu kwa siku, ndani ya mita 400 kutoka nyumbani. Kwa hiyo bomba linalodondosha bafuni linakunywa karibu fungu zima la mtu mmoja wa Mgori, na jirani watatu wa binti yangu bado wanabeba ndoo kichwani kutoka gati la kijiji la kuchotea maji.

Wewe unayejenga, iwe Mgori, Ilongero au kwingineko, nakuomba: kabla marumaru hazijapigwa, mwambie fundi aweke koki ya bafu peke yake, azibe ncha zote, ajaze mabomba maji na kuyaacha usiku kucha. Asubuhi pitisha kiganja chako mwenyewe kwenye kila kiungo, kuanzia juu.