Nani Mwenye Gazeti?

Sisi Wahaya mambo ya hisa na kura tulijifunza kwenye kahawa. Katika vyama vya msingi vya BNCU, ushirika ulioandikishwa Bukoba mwaka 1950, mwenye debe tatu na mwenye magunia mia walikuwa na kura moja moja. Kampuni haiendi hivyo. Huko inayopiga kura ni hisa, na aliyeshika zaidi ya nusu ndiye anayechagua wakurugenzi, hata wenzake wadogo wakiwa elfu moja. Asiyelielewa jambo hili hawezi kuielewa historia ya magazeti yetu.

Tanganyika Standard lilianza Dar es Salaam mwaka 1930, likiwa tawi la East African Standard la Nairobi. Gazeti hilo mama lilianzishwa Mombasa mwaka 1902 na Mhindi mfanyabiashara, A. M. Jeevanjee, naye akaliuza kwa Waingereza baada ya miaka michache tu. Tangu hapo likawa sauti ya walowezi. Mwaka 1967 kundi zima lilinunuliwa na Lonrho ya London, iliyoongozwa na Tiny Rowland. Hii ilikuwa kampuni ya migodi na mashamba. Nionavyo mimi, gazeti kwake lilikuwa njia ya kuingilia Ikulu kuliko chombo cha faida.

Tarehe 5 Februari 1970 Serikali ililitaifisha Standard la Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere akawa Mhariri Mkuu kwa cheo, na Frene Ginwala wa Afrika Kusini, aliyekuwa uhamishoni, akakabidhiwa kazi yenyewe. Hati ya Mwalimu iliahidi kwamba gazeti litakuwa huru kukosoa. Sisi wa Ziwa Magharibi, kama mkoa wetu ulivyoitwa wakati huo, magazeti yalitufikia kwa meli kutoka Mwanza yakiwa yamekwisha chakaa, lakini ahadi ile tuliipenda. Mwaka 1971 tahariri ilimlaumu Nimeiry wa Sudan kwa kuwaua wakomunisti baada ya jaribio la mapinduzi. Ginwala akaondolewa. Mwaka 1972 Standard likaunganishwa na The Nationalist la TANU, likazaliwa Daily News chini ya Benjamin Mkapa.

Sasa tazama Uingereza. Rowland alinunua The Observer mwaka 1981. Mwaka 1984 mhariri wake, Donald Trelford, aliandika juu ya mauaji ya Matabeleland nchini Zimbabwe, ambako Lonrho ilikuwa na mali nyingi. Rowland alighadhibika hadharani, hata akatishia kuliuza gazeti. Trelford hakung'oka, kwa kuwa sharti la ununuzi lilikuwa kuwapo wakurugenzi huru wa kumlinda mhariri, nao walisimama upande wake. Hati yetu ya 1970 ilikuwa na maneno matamu zaidi, ila haikumweka mtu yeyote wa kumkatalia mwenye mali.

Mwananchi lilianza mwaka 2000, na haikupita miaka mingi hisa zake nyingi zikanunuliwa na Nation ya Nairobi. Wapo walionung'unika kwamba tumeuzwa kwa jirani. Mimi nilitaka kujua masharti ya mauzo.

Chuoni niliwaagiza walimu wanafunzi waanze na yale maandishi madogo ya ukurasa wa mwisho: limechapwa na nani, kwa niaba ya nani. Wengi walianza na mpira.