Futikamba na Wimbi: Upimaji wa Urefu wa Kiumeme wa Kebo katika Redio ya Ridhaa

Historia ya redio huandikwa zaidi kwa kufuata mitambo ya kurushia na kupokea. Kebo inayounganisha mtambo na antena hutajwa kwa nadra. Hata hivyo, kebo hiyo ndiyo iliyowalazimu waendeshaji redio wa ridhaa kutofautisha urefu unaoonekana kwa macho na urefu unaohisiwa na wimbi.

Mwishoni mwa karne ya 19, Ernst Lecher wa Austria alionyesha kuwa wimbi lililosimama katika nyaya mbili sambamba laweza kupimwa kwa rula. Kwa kuwa nyaya hizo zilitenganishwa na hewa, urefu wa aina zote mbili ulikaribiana sana. Kebo ya koaksia ilivunja ulinganifu huo. Oliver Heaviside alipata hataza yake Uingereza mwaka 1880, lakini kebo nyepesi kukunjika zilienea baada ya polithini, iliyogunduliwa mwaka 1933, kutumiwa kama kihami katika rada za Vita vya Pili vya Dunia. Polithini isiyo na povu hupunguza kasi ya wimbi hadi takriban asilimia 66 ya kasi ya nuru.

Athari zake si ndogo. Katika megahezi 7.1, robo ya wimbi hewani ni mita 10.56, ndani ya kebo hiyo ni mita 6.97 tu. Aliyekata kwa kufuata kipimo cha hewani alichelewesha wimbi kwa nyuzi 136 badala ya 90, na antena zake mbili hazikuelekeza nguvu alikokusudia.

Tena, kebo hutofautiana kwa utengenezaji, hivyo kila kipande kilistahili kupimwa. Mpimaji aliunganisha ncha moja kwa kitanzi kidogo cha waya, akaacha nyingine wazi, kisha akakikaribisha kitanzi kwenye koili ya kitetemeshi chenye mita. Mshale uliposhuka, kebo ilikuwa imenyonya nishati: hapo ndipo palipokuwa na robo ya wimbi. Mshuko mwingine katika masafa yanayokaribia mara 3 ya yale ya kwanza ulithibitisha kuwa hakukosea.

Vichanganuzi vya kidijitali vya leo hufanya kazi hiyo kwa sekunde chache, lakini kanuni haijabadilika: futikamba hupima plastiki na shaba, urefu unaoiongoza antena hupimwa kwa wimbi lenyewe.