Kabla ya kujaza petroli, tazama tarehe

Nchini Kenya, bei ya petroli hubadilika mara moja kwa mwezi. Kila tarehe 14, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, hutangaza bei zitakazoanza kutumika usiku huo na kudumu mwezi mzima. Utaratibu huo ulianza Desemba 2010.

Bei hizo hukokotolewa kwa gharama ya shehena zilizokwisha kuingia nchini. Kwa hivyo, mafuta yakipanda katika masoko ya dunia, au shilingi ikidhoofika mbele ya dola, mwenye gari ana muda wa kujihadhari. Akitarajia nyongeza, na ajaze tangi kabla ya usiku wa tarehe 14. Akitarajia nafuu, atie lita chache za kumfikisha kesho yake.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba hicho ni kiwango cha juu kabisa. Mwenye kituo hakatazwi kuuza kwa bei ya chini, na penye ushindani baadhi yao hufanya hivyo. Shilingi moja huonekana si kitu, lakini dereva wa teksi anayetia lita 15 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, huokoa Sh390.

Mahali nako kuna uzito wake. Kwa sababu ya gharama ya usafirishaji, petroli ya Mombasa ni nafuu kuliko ya Nairobi, nayo ya Mandera ni ghali zaidi. Anayetoka Pwani kwenda bara hujaza kabla ya kuondoka, baada ya kuhakikisha kwamba pampu inasoma sufuri.