Picha Ndani ya Pakiti za Sigara

Sisi tukaao Kyela, toka Ipinda hata Matema, tumbaku si ngeni kwetu. Wazee waliivuta kwa kiko au kuinusa kama ugoro. Ilisokotwa kama kamba au kufungwa kwa majani, na mnunuzi aliiona kwa macho yake kabla ya kutoa mali yake. Sigara ya pakiti sivyo ilivyo. Mnunuzi haoni tumbaku, aona pakiti tu. Basi twataka kueleza jinsi picha zilivyoingia katika pakiti hiyo, kwa maana katika picha hizo watu na nchi zao, na nchi yetu pia, ziliuzwa pamoja na moshi.

Mwaka 1875, mwaka uleule meli Ilala ilipoanza kupasua maji ya ziwa Nyasa, kampuni ya Allen & Ginter ya mji wa Richmond, Marekani, ilitangaza zawadi ya dola 75,000 kwa mtu atakayebuni mtambo wa kusokota sigara. Zamani zile zilisokotwa kwa mikono, na fundi hodari hakupita sigara 4 hivi kwa dakika. Kijana mmoja wa Virginia, James Bonsack, akaunda mtambo, akapata hati yake mwaka 1881. Nao ulipokwenda vema ulitoa sigara 120,000 kwa saa 10. Ajabu ni hii, ya kwamba waliotangaza zawadi ndio walioukataa! James Duke wa North Carolina akauchukua mwaka 1884, akawazidi nguvu, hata mwaka 1890 kampuni 5, nao Allen & Ginter wakiwamo, zikaungana chini yake.

Walakini mtambo ulileta shida mpya: sigara zikawa nyingi kuliko wavutaji. Kila kampuni ikatafuta njia ya kumfanya mtu achague pakiti yake na kuiacha ya mwenziwe. Pakiti zilikuwa za karatasi laini, na sigara zilipondeka mfukoni. Kwa hiyo kiliwekwa ndani kipande cha karatasi ngumu, upana wake inchi 1 na nusu, urefu inchi 2 na robo tatu. Wenye kampuni wakaona kipande hicho chafaa kupigwa chapa. Wakatia picha ya rangi mbele, na maneno nyuma. Hila yao kubwa ilikuwa katika hesabu: picha zilitolewa kwa mafungu, mara nyingi 50, wala mnunuzi hakujua amepata ipi mpaka afungue. Mwenye 49 hakutulia.

Picha zenyewe zilikuwa za wachezaji, waigizaji wa kike, ndege, na bendera za mataifa. Tena mwaka 1888 Allen & Ginter walitoa fungu la wakuu wa makabila ya wenyeji wa Marekani, watu walionyang'anywa nchi yao. Miongoni mwao yumo Geronimo wa Waapache. Huyu alijisalimisha kwa jeshi mwaka 1886. Picha yake ilipokuwa ikipita mikononi mwa watu mijini, mwenyewe alikuwa mfungwa wa vita, akabaki hivyo mpaka kufa kwake mwaka 1909. Kampuni ya Kimball ya Rochester nayo ikatoa fungu lililoitwa Wakuu na Watawala Washenzi na Nusu Washenzi. Twaliandika jina hilo lilivyo, ili msomaji ajue mtoto wa ng'ambo alifundishwa nini na kipande cha karatasi alichopewa na baba yake.

Desturi hiyo ikavuka bahari. Uingereza, John Player wa Nottingham alitoa fungu la ngome na nyumba za watawa mwaka 1893, na watoto wakasimama milangoni pa maduka kuwaomba wavutaji picha. Mwaka 1901 kampuni ya Player na ya Wills wa Bristol ziliungana na nyingine kuwa Imperial Tobacco, ambayo baadaye ilijenga kiwanda huko Limbe, kusini ya ziwa letu, ili kununua tumbaku ya Nyasaland.

Sasa tuje pwani yetu. Wadachi walijenga boma la Langenburg ziwani, kisha Neu Langenburg, ndiyo Tukuyu. Waliondolewa katika vita mwaka 1916, na mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ukawaondolea makoloni yote. Hata hivyo mwaka 1936, serikali ya Hitler ilipokuwa ikidai makoloni hayo, kampuni ya picha za sigara ya Dresden ilitoa kitabu kiitwacho Deutsche Kolonien, yaani Makoloni ya Kidachi. Katika pakiti mlikuwamo hati ndogo. Mvutaji alizikusanya, akapewa picha za kubandika kitabuni. Afrika ya Mashariki ilikuwamo. Baba alivuta, mtoto alibandika, na nchi isiyo yao tena ikakaa mezani pao kama mali iliyoazimwa.

Uingereza picha hizo zilikoma mwaka 1940, kwa upungufu wa karatasi wakati wa vita. Marekani, mtu mmoja wa Syracuse, Jefferson Burdick, aliyepooza viungo kwa ugonjwa, alikusanya kadi na karatasi za namna hii zaidi ya 300,000, akazipa nyumba ya makumbusho ya Metropolitan, New York. Alimaliza kuzibandika Januari 1963, akafa Machi. Humo zimo kadi za Allen & Ginter na za Kimball, pamoja na majina yaleyale yaliyopigwa chapa siku zile.