Kutoka Shanghai hadi Zahanati ya Ikungi: Ushauri wa Oktoba Ulikotoka

Oktoba imewadia, na kuanzia Singida mjini hadi Mkalama akina mama wataambiwa tena: jichunguzeni matiti kila mwezi. Ushauri huo umezua ubishi mkubwa duniani, na ubishi wenyewe unawagusa wanawake wa mkoa huu kuliko wanavyoelezwa.

Mwezi wa uhamasishaji kuhusu saratani ya matiti ulianza Marekani mwaka 1985. Kwetu, tiba ya saratani kwa mionzi ilikaa miaka mingi Ocean Road, Dar es Salaam, hospitali ya enzi za Wajerumani iliyofanywa taasisi ya saratani kwa sheria ya Bunge ya 1996, kilomita zipatazo 700 kutoka Singida. Baadaye hospitali ya Bugando, Mwanza, nayo ikaanza kuitoa.

Ubishi uliwashwa China. Kati ya 1989 na 1991 watafiti waliandikisha wanawake 266,064 wa viwanda vya nguo mjini Shanghai. Nusu walifundishwa kujichunguza, wakakumbushwa na kusimamiwa, wenzao hawakufundishwa. Matokeo ya mwisho yalitoka 2002: waliofundishwa walikufa 135 kwa saratani ya matiti, wasiofundishwa 131. Tena waliofundishwa walikatwa vinyama vingi zaidi ambavyo havikuwa saratani. Wataalamu wakagawanyika. Kuna waliotaka mafunzo hayo yaachwe, na kuna waliosisitiza kuwa mwanamke lazima aujue mwili wake na awahi hospitali akiona badiliko. Nchi tajiri zilikuwa na mamografia, yaani picha za eksirei za matiti, za kutegemea. Zahanati ya kijijini huku Ikungi ingetegemea nini?

Jibu lilitoka Mumbai, India. Kuanzia 1998, Dkt. Indraneel Mittra na wenzake wa hospitali ya Tata Memorial waliwafundisha wanawake wenye elimu ya sekondari kupima matiti kwa vidole, wakawapeleka kwenye mitaa ya watu maskini. Utafiti ulihusisha wanawake 151,538, na nusu yao walipimwa mara nne, kila baada ya miaka miwili. Ripoti ya 2021 ilionyesha kuwa kwa wenye miaka 50 na zaidi vifo vya saratani ya matiti vilipungua kwa karibu asilimia 30. Kwa walio chini ya umri huo, nafuu ya namna hiyo haikuonekana.

Hapa Tanzania, tathmini ya 2017 ilikuta takriban asilimia 80 ya wagonjwa wa saratani ya matiti walikuwa wakifika hospitali ugonjwa ukiwa hatua ya 3 au ya 4. Uvimbe mara nyingi hauumi, na mama asiyeumwa haachi palizi ya alizeti kwenda kupanga foleni. Lakini kliniki anakwenda, na muuguzi wa pale anamfahamu. Wauguzi tunao, zahanati kwa zahanati, hadi hospitali ya Makiungu, walikoanza masista wa Medical Missionaries of Mary mwaka 1954.

Fedha za fulana za waridi za kampeni ya Oktoba zingefundisha vidole vya wauguzi hao, na kulipia usafiri wa kinyama kwenda maabara. Shirika la Afya Duniani linataka jibu lipatikane ndani ya siku 60 tangu mama afike kituoni. Halmashauri zetu zianze kuzihesabu siku hizo, kwa kila mama.